Una Marson na Salamu za Wakati wa Vita

Hotuba kwa watangazaji vijana na wanafunzi wa uandishi wa habari, Dar es Salaam, katika wiki ya Siku ya Redio Duniani

Waheshimiwa, walimu wenzangu, wanangu mlioketi huku mbele, na nyinyi mliojibanza kule nyuma karibu na mlango: asanteni kwa kunialika. Shikamoo zenu zote zimenifikia, marahaba.

Walioniandikia barua waliniomba nizungumzie mchango wa wanawake katika redio. Nikitaja majina yote tutalala hapa, na najua saa saba kuna chakula. Nimeamua kuchukua mwanamke mmoja tu. Hakuwa Mtanzania wala Mkenya, na hakuwahi kutangaza neno hata moja la Kiswahili. Alizaliwa Jamaica, akatangaza London wakati mabomu yanaanguka, na jina lake ni Una Marson. Ndiye mwanamke mweusi wa kwanza kuajiriwa na BBC kutayarisha vipindi. Mkiniuliza kwa nini nimemchagua yeye, jibu langu ni fupi: salamu.

Naona kule wanacheka. Najua mnachocheka. Siku hizi ukimpangia kijana kipindi cha salamu anaona umemshusha cheo. Anataka siasa, anataka mpira, anataka kipindi cha asubuhi chenye jina lake mwenyewe. Salamu anaachiwa mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo. Mimi kadi zile nimezisoma mpaka macho yakaniuma: fulani wa sanduku la posta fulani anamsalimia baba yake mzazi, shangazi yake, mama mdogo aliyeko Tabora, na wote wanaomfahamu, ujumbe: milima haikutani. Kisha inafuata nyingine, na nyingine, na fundi mitambo kule nyuma ya kioo amesinzia.

Una Marson alipewa kipindi cha salamu. Kilibuniwa na wakoloni kwa mahitaji ya vita. Mkononi mwake kikawa chimbuko la fasihi ya visiwa vya Karibi kama dunia inavyoijua leo. Hilo ndilo nililokuja kulisema, na muda uliobaki nitaeleza lilivyotokea.

Alizaliwa tarehe 6 Februari 1905 katika kijiji cha Sharon, wilaya ya St Elizabeth, Jamaica. Baba yake, Solomon Marson, alikuwa mchungaji wa kanisa la Kibaptisti, na Una alikuwa kitinda mimba katika watoto sita. Alipata ufadhili akasoma Hampton, shule ya bweni ya wasichana ambayo wanafunzi wake wengi walikuwa Wazungu au machotara weupe. Mtoto mweusi wa mchungaji wa kijijini katika shule ile alijua mapema kwamba ameruhusiwa kuingia ila hajakaribishwa. Baba alifariki Una akiwa bado msichana, fedha zikakatika, familia ikahamia Kingston. Alipomaliza shule akajifunza kazi ambayo msichana wa namna yake angeweza kuipata: hatimkato na kupiga chapa.

Hapa niwaombe tutulie kidogo, kwa sababu watu wanaosimulia maisha yake hupapita haraka. Hatimkato ni kazi ya masikio. Unakaa kimya, mtu anasema, wewe unaandika kila anachosema kwa kasi yake bila kumkatiza. Nimekutana na watangazaji wengi wenye sauti tamu kabisa ambao hawajawahi kumsikiliza mtu akamaliza sentensi yake. Una Marson alianza na masikio. Baadaye nitawaambia hatimkato hiyo ilimfikisha kwa nani.

Mwaka 1926 akawa mhariri msaidizi wa jarida moja la Kingston, Jamaica Critic. Mwaka 1928, akiwa na miaka 23, akaanzisha lake mwenyewe, The Cosmopolitan. Alikuwa mwanamke wa kwanza Jamaica kumiliki na kuhariri jarida. Humo aliandika kuhusu mishahara ya makatibu muhtasi, kuhusu wanawake kupiga kura, kuhusu rangi. Mwaka 1930 akatoa kitabu cha mashairi. Mwaka 1931 jarida likafa, kwa ugonjwa ule ule unaoua majarida yetu: wasomaji wapo, walipaji hawapo. Mwaka uliofuata tamthilia yake, At What a Price, ikachezwa Kingston. Inasimulia habari za msichana wa shamba anayekuja mjini kuwa katibu muhtasi, bosi wake Mzungu akamharibia maisha. Ilipokelewa vizuri, na mwaka huo huo wa 1932 Una akapanda meli kwenda London.

Huko mlango wa kwanza aliogonga ulifungwa. Alitafuta kazi ya ukatibu, ile ile aliyokuwa akiifanya kwao, akaambiwa waziwazi kwamba ofisi hazitaki msichana mweusi akae meza moja na wasichana wa Kizungu. Akapata hifadhi Peckham, kusini mwa London, kwa daktari Harold Moody, Mjamaika mwenzake. Dakta Moody naye alikuwa amenyimwa kazi hospitalini kwa sababu ya rangi yake, akaamua kufungua zahanati yake mwenyewe, na mwaka 1931 akaanzisha chama cha kutetea watu weusi, League of Coloured Peoples. Una akawa katibu wa chama bila mshahara, akahariri jarida lake, The Keys, akapokea wageni, akapanga mikutano, na nina hakika hata chai ni yeye aliyeichemsha. Januari 1934 tamthilia yake ikachezwa katika ukumbi wa Scala, London, waigizaji wote wakiwa weusi. Mwaka 1935 alisimama Istanbul, Uturuki, mbele ya mkutano wa kimataifa wa wanawake, akiwa mjumbe mweusi.

Sasa tunafika kwa jirani zetu. Tarehe 3 Oktoba 1935 majeshi ya Mussolini, mtawala wa Italia, yaliingia Uhabeshi, yaani Ethiopia. Wazee wetu wa pwani walizifuata habari zile kwa uchungu, maana ile ndiyo nchi ya Kiafrika iliyokuwa haijatawaliwa, na sasa ilipigwa kwa ndege na gesi ya sumu huku Shirikisho la Mataifa, lile lililotangulia Umoja wa Mataifa, likitoa matamko. Una Marson hakuishia kuandika shairi. Alikwenda ubalozi wa Uhabeshi mjini London akajitolea kufanya kazi. Addis Ababa ilipoanguka, Mei 1936, Mfalme Haile Selassie akawasili Uingereza akiwa mkimbizi, na mmoja wa waliomfanyia kazi ya ukatibu alikuwa yule binti wa Jamaica mwenye hatimkato. Mfalme alipokwenda Geneva kuihutubia dunia tarehe 30 Juni 1936, Una alikuwa katika msafara.

Mnaijua siku ile. Mfalme amesimama kwenye jukwaa, mdogo wa umbo, amevaa joho jeusi. Kabla hajafungua kinywa, waandishi wa habari wa Kiitalia kule juu ghorofani wakaanza kupiga miluzi na kuzomea mpaka wakatolewa nje. Akasubiri. Kisha akasema kwa Kiamhari, lugha ambayo karibu kila mtu ukumbini hakuielewa, na hotuba ikafasiriwa. Shirikisho la Mataifa halikufanya kitu. Una alirudi Jamaica mwaka huo akiwa amechoka mwili na roho.

Mimi nikiisoma habari ile najiuliza alijifunza nini pale, kama mtu ambaye miaka mitano baadaye angeketi mbele ya kipaza sauti. Aliona mtu mwenye haki, mwenye maneno mazuri, mbele ya mataifa yote, na haikusaidia. Nadhani tangu hapo hakuamini tena kwamba kusema tu kunatosha. Ni dhana yangu hiyo, msiniandikie kwenye mtihani.

Na tukiwa hapo hapo Uhabeshi niwaonyeshe namna tarehe zinavyokutana. Una aliajiriwa rasmi BBC Machi 1941. Mwezi huo huo wa Machi, askari wa KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, vijana wa Kenya, Tanganyika, Uganda na Nyasaland, pamoja na wenzao wa Nigeria na Afrika Kusini, walikuwa wanapanda milima ya Uhabeshi kuwafukuza Waitalia. Addis Ababa ilikombolewa tarehe 6 Aprili. Tarehe 5 Mei 1941, miaka mitano kamili tangu mji uanguke, Haile Selassie akaingia tena. Babu zenu baadhi walikuwa kwenye malori yale. Yule aliyewahi kumwandikia Mfalme barua alikuwa London, anawasomea watu wa visiwani habari za vijana wao wenyewe.

Tuingie studio sasa.

Alikuwa amerudi Uingereza mwaka 1938. Kwanza alifanya kazi za vibarua katika televisheni ya BBC pale Alexandra Palace, akitafuta wageni wa kuhojiwa katika kipindi kinachoitwa Picture Page. Tarehe 1 Septemba 1939 televisheni ikazimwa, na siku mbili baadaye Uingereza ikatangaza vita. Ikabaki redio. Na redio ya London wakati ule haikuwa mahali salama pa kujificha na vita. Usiku wa tarehe 15 Oktoba 1940 bomu liliingia katika jengo kuu la BBC na kuua wafanyakazi 7. Msomaji wa habari, Bruce Belfrage, alikuwa hewani. Wasikilizaji walisikia kishindo, wakasikia ametua kidogo, kisha akaendelea kusoma huku vumbi limemfunika. Jengo hilo ndilo la watu aliokwenda kufanya kazi nao miezi michache baadaye. Na Machi ile ile ya 1941, tarehe 8, bomu liliangukia ukumbi wa muziki wa Café de Paris na kumuua Ken Johnson, mzaliwa wa Guyana aliyekuwa nyota mkubwa wa bendi, kijana wa miaka 26 ambaye watu wa visiwani walijivunia kumsikia akipiga kupitia redio ya London.

Kipindi kiliitwa Calling the West Indies. Kilirushwa kwa masafa mafupi kutoka London kuvuka bahari ya Atlantiki. Kingston wakati huo kituo cha redio kilikuwa kichanga, ZQI, kilichoanza mwaka 1939 kwa mitambo ya mtu mmoja mpenda redio aitwaye John Grinan, ambaye vita vilipoanza aliikabidhi serikali. Redio za majumbani zilikuwa chache, hivyo nyumba yenye redio ilikuwa na majirani barazani. Mambo haya wazee wetu hapa wanayajua bila kusimuliwa.

Na vijana waliokuwa wanasalimia ni akina nani? Walikuwemo waliojiunga na jeshi la anga, RAF. Walikuwemo mafundi walioletwa kufanya kazi viwandani Liverpool. Walikuwemo wakata miti kutoka Honduras ya Waingereza, ambayo leo ni Belize, waliopelekwa kwenye baridi ya Scotland kuangusha misonobari. Baadaye wakaja na wasichana wa kikosi cha wanawake. Wengi hawakuwahi kuuona mdomo wa kipaza sauti. Sasa wanangu, fikirini kazi yake. Mkononi una karatasi. Kila neno lililo kwenye karatasi ile limepitishwa na mkaguzi, maana wakati wa vita hakuna skripti iliyokwenda hewani BBC bila kukaguliwa. Hairuhusiwi kutaja kambi iliko. Hairuhusiwi kutaja meli. Hata hali ya hewa ilikuwa mwiko, kwa sababu rubani wa Kijerumani naye anasikiliza. Na yupo mtu amekaa na swichi, ukitoka nje ya karatasi anakukata. Hapo umeletewa kijana wa miaka 19 anayetetemeka, na kule kisiwani mama yake amekaa mbele ya redio ya jirani. Kijana haruhusiwi kusema yuko wapi, anafanya nini, wala kama mvua inanyesha. Atasema nini?

Atasema mama, ni mimi. Ni mzima. Msalimie fulani.

Yaani salamu, na hakuna kingine kinachobaki. Ndiyo maana mimi huwa nakasirika nikisikia mtangazaji anasema salamu hazina maudhui. Wakati kila kitu kingine kimekatazwa, salamu ndiyo maudhui yote. Yule mama hahitaji hali ya vita, hiyo atasomewa na Waziri Mkuu. Anataka kuisikia ile sauti, aijue kwamba ni ya mwanawe, aisikie kama ina kikohozi.

Una alilielewa hilo, na alifanya jambo jingine ambalo kwenye ratiba halikuandikwa: nyumba yake London aliigeuza mahali pa vijana hao kukutana. Wanakula, wanazungumza lafudhi yao bila kuchekwa. Kwa hiyo aliyekuja studio kusalimia hakuwa mgeni kwake. Tunaofanya kazi hii tunajua tofauti ya kumhoji mtu uliyekunywa naye chai na yule uliyekutana naye taa nyekundu inawaka.

Miongoni mwa aliowaleta kwenye kipaza sauti ni Learie Constantine wa Trinidad, mchezaji kriketi mashuhuri, ambaye wakati wa vita alikuwa ofisa wa serikali akishughulikia ustawi wa mafundi wa visiwani kule Liverpool. Mwaka 1943 Constantine alikwenda hoteli ya Imperial, London, na familia yake, vyumba vimeshalipiwa kianzio, akaambiwa walale usiku mmoja tu kwa sababu wageni Wamarekani weupe hawatapenda. Akaishtaki hoteli na mwaka 1944 akashinda. Niwape na fidia aliyolipwa: gini 5, yaani pauni 5 na shilingi 5. Hebu ziweke redio na hoteli pamoja. Redioni wanaambiwa watu wa visiwani kwamba sisi sote ni familia moja ya dola, na mtu anayetumiwa kuyasema hayo hana kitanda cha usiku wa pili.

Tusidanganyane basi. Kipindi kile kilikuwa propaganda. Mwaka 1938 Jamaica na visiwa vingine viliwaka kwa migomo ya wafanyakazi. Kwenye mashamba ya miwa ya Frome watu walipigwa risasi. Serikali ya Uingereza ikatuma tume ya Lord Moyne kuchunguza, na tume ilipoona umaskini uliokuwako, ripoti yake kamili ikafungiwa kabatini hadi 1945 ili adui asije akaitumia redioni. Ni watu hao hao waliomlipa Una mshahara. Wapo wanaosema kwa hiyo alitumika. Mimi sikubaliani nao, ingawa sitasema wamekosea kabisa. Mtu aliyekuwa Geneva mwaka 1936 hakuhitaji kufundishwa dola ni kitu gani. Alijua vizuri nani ana swichi. Ila alijua pia kitu ambacho wenye swichi hawakukijua, kwamba kwa mara ya kwanza katika historia mtu wa Barbados, wa Trinidad na wa Jamaica walikuwa wanasikiliza kitu kimoja kwa wakati mmoja. Visiwa vile viko mbali mbali. Kila kimoja kilikuwa kikitazama London na kumpa kisogo jirani yake. Sasa wote wako barazani.

Akaanza kuchomekea. Baada ya salamu, shairi la mtu wa kisiwani. Baada ya muziki, hadithi fupi. Mkaguzi anatafuta majina ya meli, shairi kuhusu mpiga banjo halimshughulishi.

Ipo picha moja nawaomba mkitoka hapa mkaitafute. Ni ya tarehe 1 Desemba 1942. Studio ya BBC, meza, kipaza sauti kinaning'inia. Ni kipindi cha mashairi kiitwacho Voice, kilichorushwa India, na mtayarishaji wake amesimama nyuma: mwandishi George Orwell, ambaye miaka ile alikuwa mwajiriwa wa BBC kama nyinyi mnavyotaka kuwa waajiriwa wa mahali fulani. Wapo waandishi wa Kihindi, Mulk Raj Anand na Venu Chitale. Yupo mshairi mashuhuri T. S. Eliot, suti imempendeza. Na katikati, baina ya Eliot na Anand, ameketi Una Marson. Siku hiyo alisoma shairi lake, Banjo Boy. Mtazameni anavyokaa. Amekaa kama mtu aliye kazini kwake.

Mwaka 1943 sehemu ile ya mashairi na hadithi ikapata jina lake, Caribbean Voices. Waandishi wa visiwani walituma kazi zao London kwa posta, zikasomwa hewani, na zikarudi kwao kupitia redio. Angalieni mzunguko huo ulivyo wa ajabu: mtu wa St Lucia anaandika, maneno yake yanavuka bahari, yanasomwa London, yanavuka tena bahari, ndipo jirani yake anapojua kwamba nyumba ya pili kuna mwandishi. Na walilipwa. Hilo wengi wanalisahau, lakini kwa kijana wa kisiwani ambaye hakukuwa na mchapishaji karibu naye, hundi ya BBC ilimwambia yeye na wazazi wake kwamba kuandika ni kazi.

Kipindi hicho kiliendelea hadi 1958. Walipita humo George Lamming, Sam Selvon, Kamau Brathwaite, Derek Walcott na V. S. Naipaul, ambaye kwa muda alikuwa mhariri wake. Walcott alipata Nobeli ya fasihi mwaka 1992, Naipaul mwaka 2001.

Vitabu vingi vya historia vikikisimulia kipindi hiki huanza na Henry Swanzy, Mwairishi aliyekishika kuanzia 1946. Swanzy alifanya kazi kubwa na waandishi wale walimpenda. Sina neno naye. Ila Swanzy alikuta jiko linawaka.

Kwa nini Una hakuwepo 1946? Alivunjika. Sitaki kulipamba hili. Miaka mitano ya kufanya kazi usiku, maana saa moja jioni ya Kingston ni saa sita za usiku London. Mabomu. Ofisi ambayo wapo waliochukia kupokea maelekezo kutoka kwa mwanamke mweusi. Nyumba iliyojaa vijana wenye shida zao, na baadhi yao hawakurudi kutoka angani. Mikutano, barua, kamati, na mwaka 1945 kitabu kingine cha mashairi, Towards the Stars. Akaugua akili, akalazwa, na mwaka 1946 akarudishwa Jamaica. Wakati huo ugonjwa wa namna ile ulifichwa kama aibu, na nadhani kufichwa huko ndiko kulikofanya jina lake lififie mapema kuliko kazi yake. Mtu akiuawa na bomu kazini tunamjengea mnara. Mtu akivunjwa polepole na kazi ile ile, tunabadilisha mada.

Ndugu zangu mnaosimamia vyumba vya habari, na nawaona mko hapa, naomba hili mlichukue. Nimewaona watangazaji wasichana wanaopewa zamu ya alfajiri, zamu ya usiku, kazi ya kuhariri na kazi ya kupokea wageni, kwa kuwa "wewe unaweza". Anaweza mpaka siku asipoweza, na siku hiyo mnasema amebadilika.

Alipona, akafanya mengine. Alikuwa na mkono katika kuanzisha kampuni ya uchapishaji wa vitabu vya Wajamaika, Pioneer Press. Aliishi Washington miaka ya hamsini, akaolewa huko na ndoa haikudumu. Alirudi nyumbani, akaiona Jamaica huru iliyopata bendera yake Agosti 1962, na alifariki Kingston tarehe 6 Mei 1965, kwa ugonjwa wa moyo, akiwa na miaka 60. Makaratasi yake yako Maktaba ya Taifa ya Jamaica. Skripti zake zimo katika hifadhi ya maandishi ya BBC, Caversham. Southwark, mitaa ile ile ya kusini mwa London alikofika hana kazi, sasa kuna maktaba ya umma yenye jina lake.

Sauti yenyewe imebaki kidogo mno. Kipindi kilikwenda moja kwa moja, na santuri za kurekodia zilikuwa adimu. Basi nitawapa kazi moja ya nyumbani. Mwaka 1943 wizara ya habari ya Uingereza ilitengeneza filamu fupi, West Indies Calling. Ndani yake mnamwona Una studio anawakaribisha wasikilizaji, anampisha Learie Constantine, kisha anampisha kijana mmoja wa Trinidad aliyevaa sare ya RAF. Mtazameni vizuri kijana huyo. Ni Ulric Cross, mwongoza njia wa ndege za kivita aliyeruka mara 80 kwenda kupiga shabaha za adui na kurudi mzima, akatunukiwa nishani mbili za ushujaa.

Mnajua alikwenda wapi baadaye? Alisomea sheria, akafanya kazi Ghana, akafanya kazi Kamerun, na mwaka 1967 akateuliwa jaji wa Mahakama Kuu, hapa hapa Dar es Salaam, wakati Jaji Mkuu wetu alikuwa Telford Georges, naye mtu wa visiwa vile vile. Jaji Cross akaongoza pia baraza la kudumu la kuamua migogoro ya kazi, hadi aliporudi Trinidad mwaka 1971. Kwa hiyo mtu aliyewahi kukabidhiwa kipaza sauti na Una Marson alikaa mjini humu miaka minne, akapita barabara hizi, akasikiliza kesi za makuli wa bandarini na wafanyakazi wa viwandani, na redio yetu ilikuwa mwendo mfupi tu kutoka ofisini kwake. Sijaona popote kwamba kuna mwandishi wetu aliyekwenda kumuuliza habari za studio ile.

Makarani na makatibu muhtasi wa baraza lile wapo bado, wazee wa rika langu. Kama kuna aliye hapa ambaye mama yake au babu yake alipiga chapa hukumu za Jaji Cross, asikimbilie chakula. Anione, na namba ya simu ya mzee awe nayo mkononi. Asanteni sana. Mwenyekiti, nipo tayari kwa maswali.